Udi wa Chupa: Namna ya Kuuvaa na Kuupima kwa Siku Nzima

Sisi tuliokulia pwani tumeujua udi kabla ya kujua kusoma. Bibi anatia makaa kwenye chetezo, anangoja yashike majivu, anaweka kipande cha udi kisichozidi ukucha, kisha kanzu za Ijumaa zinatandazwa juu ya tenga zinywe moshi. Ndiyo maana mtu wa kwetu akinusa mara ya kwanza pafyumu ya Kizungu iliyoandikwa Oud, anakunja pua: "Udi wenyewe uko wapi?"

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Nililetewa Oud Wood, pafyumu ya Tom Ford, mbunifu wa mitindo wa Marekani, nikapuliza mkononi, nikanusa papo hapo, nikaona iliki tupu, nikampa mdogo wangu. Siku ya tatu akaja nyumbani baada ya alasiri, ameivaa tangu asubuhi. Alipopita mlangoni nikageuka. Ilikuwa mbao kavu, utamu mdogo wa vanila, na chini yake harufu ya kanzu inayotolewa kabatini wiki moja baada ya kufukizwa. Chupa sikuidai tena, lakini tangu siku hiyo sijahukumu pafyumu ya udi kabla jua halijazama.

Jueni kwanza mnachonusa. Udi hutokana na miti ya Aquilaria ya Assam, Kambodia, Vietnam, Malaysia na Indonesia. Mti mzima mbao zake ni nyeupe, nyepesi, hazina harufu ya maana. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, unajikinga kwa utomvu mweusi, na mbao zilizoshiba utomvu huo ndizo udi. Kazi hiyo huchukua miaka. Miti ya porini imekatwa mno, hata mwaka 2004 nchi za CITES, mkataba unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zikakubaliana biashara ya kimataifa ya jenasi nzima ya Aquilaria iende kwa vibali. Kwa hiyo pafyumu nyingi za majina makubwa hujenga harufu ya udi kwa molekuli za maabara zikichanganywa na mbao nyingine. Udi halisi, ukiwemo, ni kidogo.

Mimi sioni kosa hapo. Yves Saint Laurent walitoa M7 mwaka 2002, Tom Ford akiwa mkuu wa ubunifu pale, na wanunuzi wengi wa Ulaya iliwashinda. Mwaka 2007 akatoa Oud Wood kwa jina lake mwenyewe, laini zaidi, na baada yake kila nyumba ya manukato ikataka ya kwake. Oud Wood ndiyo nitakayoitumia kwa mfano. Msiitafutie moshi wa chetezo, wala ule ukali wa mafuta ya udi wa Kihindi unaoanza kama zizi la ng'ombe. Ipimeni kwa kile ilichokusudiwa kuwa.

Hatua ya 1: Andaa ngozi. Oga kwa sabuni isiyo na harufu kali, jifute vizuri. Ngozi kavu haishiki manukato, kwa hiyo pakaa mafuta ya mgando yasiyonukia, kidogo tu, pale utakapopuliza. Mafuta ya nazi yaache siku hiyo, na nguo isiwe imefukizwa. Ukivaa shati lenye ubani wa jana utaipa pafyumu sifa za bibi yako.

Hatua ya 2: Mipulizo miwili, basi. Mmoja kifuani kabla ya kuvaa shati, mmoja upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko. Chupa iwe umbali wa kama sentimita 15. Usisugue, msuguano unaongeza joto na kuzifukuza harufu nyepesi za mwanzo kabla hujazisikia. Karatasi ya dukani itakwambia kama pafyumu inakuchukiza. Zaidi ya hapo haijui kitu, kwa sababu karatasi haina joto wala jasho.

Hatua ya 3: Fuata saa. Hapa ndipo somo lilipo. Chukua daftari, au andika kwenye simu, kwa maneno yako mwenyewe. Tuseme umepuliza saa moja asubuhi.

Dakika kumi za kwanza usiandike hukumu. Utasikia spiriti, halafu iliki, na pilipili inayowasha kidogo puani. Saa moja na nusu iliki imeanza kukaa chini. Saa tatu ndiyo saa ya udi: unakuja pamoja na sandali, ile ile ya liwa ya maharusi, na ukavu wa vetiva, nyasi yenye mizizi ya kunukia, kama mizizi iliyong'olewa ikaanikwa. Usichomeke pua mkononi. Inua mkono polepole mpaka harufu ikufikie, kisha kadiria umbali huo: shubiri moja? Dhiraa? Huo ndio mtawanyo wake.

Saa sita toka juani. Joto letu linaamsha vitu ambavyo ofisi yenye kiyoyozi inavilaza. Pafyumu nyingine zenye udi wa maabara hapa hutoa ukali wa plasta ya kidonda. Ikitokea, andika, maana ndivyo watu watakavyokusikia ukiwa unangoja daladala. Saa kumi alasiri andika tena: utamu wa tonka (mbegu inayonukia kama vanila), ambari, mbao zilizobaki. Usiku ukivua shati, linuse kifuani. Mimi naliamini shati la usiku kuliko muuzaji yeyote.

Pua ikichoka, toka nje uvute hewa. Punje za kahawa wanazoweka madukani hazina uwezo kuishinda hewa safi.

Hatua ya 4: Rudia siku tatu. Siku moja ya kutembea, moja ya ndani kwenye ubaridi, moja ya jioni. Ukiweza, rudia pia msimu ukibadilika. Pafyumu niliyoipenda wakati wa kusi, baridi ya Julai, ilinielemea kaskazi ilipoingia.

Hatua ya 5: Amua. Ulitamani kuinusa tena saa kumi? Aliyekaa karibu nawe alisema nini bila kuulizwa? Shati la usiku ulilipenda? Ukijibu vizuri mawili kati ya hayo, nunua.

Maswali yenu

*Mwalimu, niko Mombasa na naenda kazini kwa matatu. Mipulizo mingapi inatosha?*

Miwili, yote chini ya nguo. Kwenye matatu watu wamebanana na madirisha yamefungwa. Udi unaonukia ukumbini unakuwa mzigo kwa abiria aliye na mimba au pumu. Kama una shughuli usiku, beba kichupa kidogo uongeze mmoja baadaye.

*Mume wangu hupuliza mara sita halafu mchana ananiambia imeisha. Mimi namsikia tangu yuko ngazini. Nimwambieje?*

Dada, haijaisha, pua yake imeizoea. Akili huacha kutangaza harufu inayokaa nasi muda mrefu. Mwambie apulize mara mbili, atoke, akirudi umwambie ulimsikia kutoka wapi. Atakuamini siku ya pili. Chupa nayo itadumu: mpulizo mmoja ni kama mililita 0.1, kwa hiyo chupa ya mililita 50 ina mipulizo kama 500.

*Mimi niko Muscat. Hapa tunapaka mafuta ya udi kwanza, kisha pafyumu, kisha bakhuri. Ni kosa?*

Si kosa hata kidogo, ni ustadi. Ila usifanye hivyo siku za kupima. Ukishaijua pafyumu yako, paka tone la mafuta nyuma ya masikio, fukiza kanzu, halafu puliza mara moja tu. Mafuta ya Kambodia yana utamu unaopatana na Oud Wood. Ya Kihindi yataimeza.

*Nipo Dar. Nitajuaje kama niliyouziwa ni feki?*

Linganisha namba ya toleo iliyo chini ya chupa na ile ya kwenye boksi. Tazama mpulizo: uwe ukungu mwembamba, usiwe matone. Hata hivyo wanaoiga wamekuwa hodari wa maboksi, kwa hiyo rudi kwenye daftari. Feki nyingi huiga dakika ishirini za mwanzo, kisha hubaki utamu mmoja usiobadilika mpaka unatoweka. Kama saa tatu na saa kumi zinanukia sawa, ingiwa na shaka. Kabla ya kutoa fedha ya chupa nzima, tafuta mtu mwenye chupa unayoiamini, akuuzie mililita 5. Hizo ni kama mipulizo 50, na siku tatu za kupima zinahitaji sita tu.

*Kanzu yangu nyeupe imepata doa la manjano begani. Ni pafyumu?*

Huenda. Pafyumu na mafuta yenye rangi nzito hutia doa kwenye nguo nyeupe. Jaribu kwanza kwenye upindo wa ndani, uache ukauke usiku kucha. Kama ni kanzu ya sikukuu, puliza mwilini, ngoja ikauke, ndipo uivae.