Namna ya kufuatilia kura ya nchi kuhusu haki za binadamu Umoja wa Mataifa, na kujua kwa nini ilipigwa hivyo

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mwanafunzi wa sheria wa hapa Malimbe, Mwanza, aliyekuwa akiandika tasnifu kuhusu misimamo ya nchi za Afrika Mashariki. Alikuja na picha ya jedwali aliyotumiwa WhatsApp: kijani kwa waliosema ndiyo, nyekundu kwa waliosema hapana, njano kwa waliojizuia. Kwenye kundi lao hukumu ilikuwa imeshatolewa kwamba wenye nyekundu ni maadui wa haki za binadamu. Majedwali ya aina hiyo yananikera kwa sababu hayasemi kilichoulizwa. Hakuna nchi inayopigia kura "haki za binadamu" kwa jumla. Inapigia kura maneno fulani, siku fulani, baada ya wiki nyingi za kuvutana juu ya kila sentensi.

Hatua ya 1: Jua kura ilipigwa chumba gani

Kama ni Geneva, ni Baraza la Haki za Binadamu lenye wanachama 47, na Afrika ina viti 13. Kama ni New York, ni Baraza Kuu lenye nchi 193, na mara nyingi azimio hupita kwanza Kamati ya Tatu, ile kamati ya Baraza Kuu inayoshughulikia haki za binadamu, kwa kawaida mwezi Novemba, kisha hurudi mbele ya Baraza Kuu Desemba. Nchi isiyo na kiti Geneva haina kura kule, kwa hiyo usiandike kwamba "ilikaa kimya".

Hatua ya 2: Chukua kumbukumbu rasmi

Nenda maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa, digitallibrary.un.org, sehemu ya kura. Andika namba ya azimio. Usianze na video za vikao, zinamaliza bando kabla hujafika kwenye kura yenyewe. Pakua kumbukumbu ya kikao kwa maandishi, ni faili dogo. Kiswahili hakimo katika lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, basi jiandae kusoma Kiingereza au Kifaransa cha kidiplomasia.

Ukikuta azimio limepitishwa bila kura, hakuna orodha ya nchi. Maazimio mengi hupita hivyo. Hapo rukia hatua ya 5.

Hatua ya 3: Tafuta swali lenyewe

Hapa ndipo saa nyingi hupotea, na hapa ndipo tasnifu nyingi huharibika.

Azimio moja linaweza kuwa na kura tano au sita kabla ya ile ya mwisho: kura ya marekebisho, kura ya aya moja peke yake, kura ya kuzuia jambo lisijadiliwe kabisa. Kila moja ina ndiyo na hapana zake. Ukichanganya, utaipa nchi msimamo ulio kinyume cha ule iliouchukua.

Mfano ninaoutumia siku zote ni wa 2016. Mwezi Juni mwaka huo, Baraza la Geneva liliunda nafasi ya mtaalamu huru wa kufuatilia ukatili na ubaguzi dhidi ya watu kwa misingi ya mwelekeo wao wa kijinsia na utambulisho wa kijinsia. Kura zilikuwa 23 za ndiyo, 18 za hapana, na 6 zilijizuia. Kundi la Afrika halikuridhika. Katika Kamati ya Tatu likaleta rasimu yenye aya ya kuahirisha kazi ya mtaalamu huyo. Nchi za Amerika ya Kusini nazo zikaleta marekebisho ya kuifuta aya hiyo. Tarehe 21 Novemba marekebisho yakapita kwa kura 84 dhidi ya 77, na 17 zikajizuia. Maana yake, aliyemtetea mtaalamu alisema *ndiyo*.

Sasa ngoja Desemba. Mbele ya Baraza Kuu, upande wa Afrika ulileta marekebisho yake ya kurudisha kile kilichofutwa. Yakaanguka kwa kura 77 za ndiyo dhidi ya 84 za hapana, na 16 zikajizuia. Safari hii aliyemtetea mtaalamu yuleyule alisema *hapana*. Ukiweka kura hizo mbili kwenye jedwali la rangi bila maelezo, utadhani nchi kadhaa ziligeuka ndani ya mwezi mmoja, kumbe hazikusogea hata hatua moja.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua daftari (napendelea daftari kuliko programu ya majedwali, kwa sababu linakulazimisha kuandika sentensi nzima). Kwa kila kura andika: nani ameleta hoja, hoja inataka kuongeza nini au kuondoa nini, na "ndiyo" ingesababisha nini. Usiandike jina la nchi yoyote mpaka umemaliza mistari hiyo mitatu.

Angalia pia tanbihi chini ya orodha. Wakati mwingine mjumbe huiarifu sekretarieti baadaye kwamba alikusudia kupiga kura nyingine. Kusudio huandikwa, lakini hesabu haibadiliki.

Na usilinganishe kura za maswali tofauti. Tarehe 2 Machi 2022, katika Baraza Kuu, Kenya ilisema ndiyo kwa azimio la kulaani uvamizi wa Urusi nchini Ukraine. Tarehe 7 Aprili, chumba kilekile, swali likiwa kuisimamisha Urusi kwenye Baraza la Haki za Binadamu, Kenya ikajizuia. Kulaani vita ni jambo moja, kumtoa mwanachama kwenye kiti chake ni jambo jingine, na nchi kadhaa zilizojizuia siku hiyo zilisema uchunguzi ungesubiriwa kwanza. Tanzania na Uganda zilijizuia mara zote mbili. Burundi ilijizuia Machi, Aprili ikasema hapana.

Hatua ya 4: Isome njano vizuri

Kujizuia si kutokuwepo, na si kukosa msimamo. Kura ile ya Aprili ilihitaji theluthi mbili ya waliopiga ndiyo au hapana. Ndiyo zilikuwa 93, hapana 24, jumla 117, na theluthi mbili yake ni 78. Azimio likapita. Zile 58 zilizojizuia hazikuingia kwenye hesabu. Zingeingia, jumla ingekuwa 175, zingetakiwa kura 117, na azimio lingeanguka. Aliyejizuia alijua hesabu hiyo.

Hatua ya 5: Tafuta sababu

Anza na maelezo ya kura, yale mjumbe anayoyasoma kabla au baada ya kupiga. Yamo kwenye kumbukumbu ya kikao. Mimi nayaamini kuliko uchambuzi wowote wa magazetini, kwa sababu hayo ndiyo maneno ambayo serikali ilikubali yaandikwe kwa jina lake.

Kisha angalia kura ya nchi hiyohiyo kwa azimio hilohilo miaka ya nyuma. Wajumbe hupokea maelekezo kutoka wizarani, kwetu ni Dodoma, na maelekezo ya kawaida ni kufuata kura iliyopita. Kura ikibadilika, basi kuna kitu kimetokea nyumbani, kitafute. Azimio la kusitisha adhabu ya kifo lilianza 2007 kwa kura 104 dhidi ya 54, na 2024 likafika 130 dhidi ya 32. Kenya, iliyozoea kujizuia, mwaka huo ilisema ndiyo. Kabla yake, Desemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imefuta ulazima wa adhabu hiyo kwa kosa la mauaji. Kwa Tanzania, weka kando ya kura zake hukumu ya Novemba 2019 ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, iliyosema ulazima huo unakiuka haki ya kuishi.

Makundi nayo yana uzito: Kundi la Afrika, na Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, ambazo kwa miaka mingi zimepinga maazimio yanayoilenga nchi moja kwa jina. Nchi ikisimama na China, usikimbilie kusema "ni mikopo". Oktoba 2022 Geneva ilikataa kujadili hali ya haki za binadamu ya Xinjiang, jimbo la China, kwa kura 19 dhidi ya 17, na mwanachama pekee wa Afrika aliyesema ndiyo alikuwa Somalia. Madeni yana nafasi yake. Lakini Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha azimio la 1971 la kuirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake. Uhusiano huo una mizizi ambayo hesabu ya deni peke yake haiwezi kuionyesha.

Hatua ya 6: Uliza

Soma hotuba ya bajeti ya Wizara ya Mambo ya Nje. Iko kwa Kiswahili, na Hansard ya mjadala wake pia. Kama kura yako haikugusiwa, mwandikie mbunge wako kabla ya kikao cha bajeti, ambacho huanza Aprili. Weka namba ya azimio, tarehe, chumba, na ile mistari mitatu ya daftari. Swali liwe moja: maelekezo yalikuwa nini, na yalitokana na nini?