Kabla plastiki haijaingia tanurini

Wageni wanaokuja kutazama mtambo wetu wa kugeuza taka za plastiki kuwa mafuta hukimbilia tanuri. Wanataka kuona geji zikipanda na mafuta yakichuruzika. Mimi huwarudisha nyuma hadi kwenye meza ya kuchambulia, maana hapo ndipo mzigo unapogeuka mafuta au hasara. Nimesimama kwenye meza hiyo miaka saba, na haya nayaandikia anayeanza kusimamia kazi kama yangu. Kama nia yako ni kuunganisha pipa na bomba nyuma ya nyumba, achana nayo: mvuke wa plastiki ukivuja ukakutana na hewa na cheche, unalipuka.

Elewa kwanza tunachofanya. Kilo moja ya polithini, plastiki ya mifuko na madumu, ikiungua yote hutoa zaidi ya kilo tatu za hewa ya ukaa, na unachovuna ni joto tu. Sisi tunaipasha hadi nyuzijoto 400 au 600 hivi za Selsiasi pasipo oksijeni. Haina cha kuungua nacho, kwa hiyo minyororo mirefu ya molekuli zake inakatika, inakuwa mvuke, na mvuke ukipozwa tunapata mafuta na nta. Gesi inayokataa kupoa tunairudisha ikachochee tanuri lenyewe. Kwa hiyo nasi tunachoma kidogo. Anayekwambia mtambo wa aina hii hautoi ukaa kabisa anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa mezani. Anza kwa kutoa kisichostahili kuja kwako. Madumu na chupa safi za aina moja zipelekwe zikasagwe, zioshwe na kuyeyushwa kuwa plastiki tena. Njia hiyo inakula nishati kidogo kuliko yetu. Letu ni lile lililoshindikana: mifuko michafu, karatasi za nailoni za kufungashia, pakiti zenye tabaka mbili tatu zilizogandana.

Kinachobaki kitazame alama ya pembetatu yenye namba ndani. Namba 2, 4 na 5, yaani polithini za aina mbili na polipropilini, ndizo chakula cha tanuri. Namba 6, yaani polistirini, naipokea kwa kipimo. Namba 1, yaani PET ya chupa za maji, na namba 3, yaani PVC ya mabomba, zitoke. Namba 7 maana yake ni "nyinginezo", nami siiamini hata siku moja.

Vipande vingi havina alama, na hapo ndoo ya maji inakusaidia. Kata kipande kidogo, kitose, kikande kwa kidole ili mapovu yatoke. Tone la sabuni ndani ya maji linasaidia. Polithini na polipropilini huelea. PET, PVC na polistirini ngumu huzama. Angalia tu usidanganywe na polistirini ya povu, ile nyeupe ya kufungia vyombo vya umeme: inaelea kwa sababu imejaa hewa.

Kilichozama na kukutia shaka kipime kwa waya wa shaba. Toka nje, upepo uwe mgongoni, vaa miwani na glavu, maana moshi wake ni sumu. Shika waya kwa koleo, upashe kwenye mwali mpaka uwe mwekundu na mwali usiwe na rangi ya kijani hata kidogo. Ungali wa moto, uguse kwenye plastiki. Utasikia chii, na punje iliyoyeyuka itanata kwenye ncha. Rudisha motoni. Mwali ukigeuka kijani chenye ubuluu ndani yake, hapo kuna klorini. Mkemia Friedrich Beilstein alieleza kipimo hiki mwaka 1872, na hadi leo sijaona cha haraka kukishinda.

Kwa nini ninaisumbukia klorini hivyo? Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC ni klorini, nayo huanza kutoka kama asidi ya haidrokloriki kabla joto halijafika nyuzi 300, plastiki nyingine zikiwa bado hazijaanza kukatika. Mwaka wangu wa pili niliruhusu vipande vya mpira wa kumwagilia bustani, ambao ulikuwa wa PVC, vipite. Niliviona vichache, nikasema potelea mbali. Tulipofungua kipoza mvuke baadaye, viungo vya bomba vilikuwa vimelika, vikimomonyoka mkononi kama biskuti iliyolowa. Tangu hapo tunasimamisha joto kwanza karibu na nyuzi 300, klorini itoke na kupitishwa kwenye maji ya chokaa, ndipo tunapanda. Hata hivyo hatua hiyo ni ya kuokoa mabaki. Haimpi mchambuaji ruhusa ya kulala.

PET ina ubaya mwingine. Ndani yake mna oksijeni, na badala ya mafuta hukuletea unga mweupe wa asidi unaoganda ndani ya mabomba mpaka yanaziba. Ipelekwe kwa wanaoivunja kwa glaikoli, kimiminika cha kemikali, kwenye nyuzi 200 hivi. Huko inarudi kuwa malighafi yake. Kuna pia wanaogeuza mchanganyiko wa plastiki kuwa gesi: mtambo wa Kawasaki, Japani, umekuwa ukifanya hivyo tangu 2003, na haidrojeni yake hutengenezea amonia.

Mzigo ukishachambuliwa, ukaushe. Maji yanakula joto bure. Kisha funga tanuri na ufukuze hewa yote kwa naitrojeni kabla ya kuwasha.

Mwishoni hubaki masizi meusi, pamoja na alumini ya zile pakiti. Masizi hayo yakikutana na hewa yangali ya moto, yanawaka. Kwetu mlango haufunguliwi mpaka geji ishuke chini ya nyuzi 50, hata kama dereva wa lori lenye mzigo mwingine anapiga honi nje tangu alfajiri.