Landrova ya zamani, mshahara wa mwalimu: jinsi ya kupanga matumizi

Nafundisha sekondari hapa Tanga, naishi Chumbageni, na ninachokipenda nje ya kazi ni Landrova 109, Series III. Haya nawaandikia wenye gari la moyoni na mshahara wa kuhesabu.

Hela ya gari hutoka mwisho. Mshahara ukiingia, toa kwanza kodi ya nyumba, chakula, ada, mchango wa kikoba na akiba ya ugonjwa. Katika kinachobaki, kata fungu la gari, ulitie kwenye laini ya simu ambayo haina kazi nyingine. Kama gari hilo ndilo linalokupeleka kazini, mafuta na bima viweke kwenye fungu la nauli katika matumizi ya nyumbani, maana ungevilipia hata kama gari hulipendi.

Fungu hilo ligawe sehemu mbili: ya kutembea na ya kupendeza. Tuseme umetenga 100,000. Basi 70,000 ni ya breki, bushi, springi, oili na waya; 30,000 ni ya rangi, ringi, taa na redio. Ya kutembea ikipungukiwa, ichukue kwa ya kupendeza. Kinyume chake usikubali kabisa.

Kwetu pwani jambo hili ni zito zaidi. Bodi ya Landrova hizi ni aluminiamu, chesisi ni chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu huanza kuliwa. Utaona rangi inavimba, ukiikwangua unakuta unga mweupe. Chesisi nayo ina uwazi ndani, tope likikaa humo inaoza huku kwa nje inaonekana nzima. Kwa hiyo kabla hujamlipa mpiga rangi hata shilingi, ingia uvunguni na nyundo ndogo, gonga chesisi yote, usikilize. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Na ukitoka ufukweni Raskazone, osha chini ya gari kwa maji ya bomba siku hiyo hiyo. Sijui pambo lenye faida kuliko ndoo hizo za maji.

Kitu unachokitamani kiandikie bei yake yote, si ya dukani tu. Ringi pana zinataka tairi pana. Tairi pana zinaongeza uzito wa usukani, na Series III haina pawa stelingi. Pengine zikikata kona zinasugua springi. Ongeza hela ya fundi, na nauli ya Dar kama spea haipatikani Tanga. Kama tairi ni za mtumba, soma tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyozeeka iache, hata kama kashata zake bado ndefu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila cha kupendeza kiingie daftarini na bei yake na sababu, kisha kingoje mshahara unaofuata. Fundi wangu wa Ngamiani huniambia, “Mwalimu, hii ukiiacha leo huipati tena.” Namjibu, “Niandikie bei, fundi, tutaonana mwisho wa mwezi.” Makundi ya spea ya WhatsApp nayanyamazisha wiki ya mshahara, kwa sababu wauzaji wanaijua wiki hiyo vizuri kuliko sisi.

Daftari lenyewe asome na mwenzako. Mke wangu akiuliza, “Baba Salma, taa hii ya tatu inamulika nini?” nikakosa jibu, taa naifuta.

Mwezi ambao laini haina kitu, gari bado lina kazi: kutia grisi kwenye propela shafti, kukaza boliti za springi, kusugua kutu kwa brashi ya waya na kuipaka rangi ya kuzuia kutu iliyobaki kwenye kopo. Anza na boliti za springi.