Baba Hataki Kwenda Kupima: Mwongozo kwa Familia za Tanga

Katika jiji la Tanga, kama ilivyo katika miji mingi ya pwani, mwanamke huanza kuzoeana na zahanati tangu ujauzito wake wa kwanza, kisha hurudi kwa chanjo za watoto, kwa uzazi wa mpango na, siku hizi, kwa uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Mwanamume hana njia kama hiyo. Anaweza kufika umri wa miaka 60 akiwa ameingia hospitali kwa ajali, kwa malaria iliyomlaza au kwa kumsindikiza mgonjwa tu, na anapoambiwa aende kupima afya ilhali haumwi popote, huona ameitwa mahali ambapo hana shughuli. Mwongozo huu ni kwa watoto, wake, wadogo na wajukuu wa wazee wa namna hiyo. Mzee anayekataa kupima huwa na sababu, na sababu hiyo karibu kila mara inalinda kitu anachokithamini: heshima yake, mali ya watoto wake au nafasi yake nyumbani. Asiyeitafuta sababu hiyo kwanza atabishana na baba yake kwa miezi bila kumsogeza hata hatua moja.

Itafute sababu kabla ya kutoa hoja

Usianze kwa kumuuliza kwa nini hataki kwenda hospitali. Swali hilo likitoka kwa mtoto husikika kama lawama, na jibu lake linajulikana: "Mimi mzima, mwanangu." Afadhali umsikilize anavyowazungumzia wengine. Akisimulia barazani habari za jirani aliyepelekwa Bombo, hospitali ya mkoa, akiwa anatembea na kurudishwa akiwa maiti, amekwisha kukueleza anachokihofia. Wazee wengi huamini kwamba ugonjwa huanza siku mtu anapopimwa, na imani hiyo haikutokana na ujinga. Wamewaona wenzao wakiambiwa wana saratani na kufariki muda mfupi baadaye. Walichokiona ni kweli. Kilichofichika ni kwamba wenzao walifika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, hivyo kipimo na kifo vikakaribiana. Mwambie hivyo hivyo, bila kumcheka, kwa kuwa mtu anayejengewa hoja juu ya yale aliyoyaona mwenyewe husikiliza zaidi kuliko anayeambiwa kwamba hakuona kitu.

Sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayofichwa kuliko zote, ni fedha. Mzee mwenye nyumba ya urithi Ngamiani au minazi michache kule Pangani hujua kwamba ugonjwa mkubwa unaweza kuiuza mali hiyo yote, naye huona ni bora afe watoto wakiwa na pa kukaa. Hatalisema hilo, kwa sababu kulisema ni kukiri kwamba amekwisha kujihisi mgonjwa. Ukishuku kwamba hiyo ndiyo sababu, maneno ya kumtia moyo hayatasaidia. Kinachosaidia ni hesabu. Nenda wewe kwanza kituoni, uulize bei ya kila kipimo, uulize bima aliyonayo inalipia nini, kisha mrudishie taarifa kamili. Kumbuka pia kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inawatambua watu wenye miaka 60 na zaidi kuwa wazee, na kwamba wazee wasio na uwezo wanastahili kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Ofisi ya serikali ya mtaa na afisa ustawi wa jamii ndio wa kuanzia kuhusu kitambulisho cha kutibiwa bila malipo, na jambo hilo lishughulikiwe mapema, si asubuhi ya siku ya kupima. Msamaha huo nao hauhakikishi kwamba kila kipimo kitapatikana kituoni, kwa hiyo uliza.

Zipo pia sababu za sitara. Mzee anayepishwa njia na kuamkiwa shikamoo mtaa mzima haoni raha kuulizwa na kijana dirishani, mbele ya foleni, anakojoa mara ngapi usiku. Ipo hofu ya kupoteza nguvu za kiume. Na ipo kauli kwamba siku ikifika imefika, ambayo mtoto hapaswi kuipinga kwa ubishi. Kwa mzee Mwislamu, imamu anayemheshimu ndiye anayefaa kumkumbusha kwamba mafundisho ya Mtume yanahimiza kutafuta tiba.

Fahamu vizuri unachomwomba akipime

Familia nyingi hushindwa hapa, kwa kuwa humtaka baba apime "kila kitu" bila kujua kila kitu ni nini. Kwa mwanamume mtu mzima, vipimo vya msingi ni shinikizo la damu, sukari, uzito, mkojo na macho. Shinikizo linalofika 140 kwa 90 au zaidi, likipimwa zaidi ya mara moja mtu akiwa ametulia, linahitaji ushauri wa daktari; vivyo hivyo sukari ya asubuhi kabla ya kula inayofika milimoli 7.0 kwa lita. Anza na hivi. Mzee anayekataa habari za tezi dume mara nyingi hukubali kupimwa macho, kwa sababu anataka kusoma, na akishakaa kwenye kiti hicho hukubali na presha.

Kuhusu saratani, yapo mambo ambayo si uchunguzi wa hiari tena bali ni dalili za kufuatiliwa upesi. Damu katika choo husingiziwa bawasiri. Chakula kinachokwama kifuani husingiziwa ugali mgumu. Kikohozi kinachozidi wiki mbili, au kupungua mwili bila sababu, husingiziwa uzee. Katika mkoa wetu ipo moja inayostahili kutajwa peke yake, nayo ni damu katika mkojo. Wanaume wengi waliokulia kandokando ya mito na mashamba ya mpunga waliugua kichocho utotoni, wakakojoa damu pamoja na wenzao, wakaizoea. Mtu huyo akiona damu tena akiwa na miaka 65 husema kichocho chake cha zamani kimerudi. Kichocho cha mkojo kisichotibiwa huumiza kibofu kwa miaka mingi na kinajulikana kuwa miongoni mwa visababishi vya saratani ya kibofu, kama ilivyo tumbaku. Kwa hiyo damu hiyo, hata ikitoka mara moja na kukoma bila maumivu, ni ya kupelekwa hospitali.

Tezi dume inahitaji maelezo marefu kidogo. Ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu, nayo imezunguka njia ya mkojo. Umri unaposogea, sehemu yake ya ndani hutanuka kwa wanaume wengi na kuubana mrija, ndipo mzee anapoamka usiku mara kwa mara, mkojo unapotoka kwa kukatika, na anapohisi hajamaliza. Hali hiyo kwa kawaida si saratani, na ina dawa. Saratani yenyewe mara nyingi huanzia sehemu ya nje ya tezi, mbali na mrija, na ndiyo maana huweza kukua kwa muda mrefu bila kumsumbua mtu katika kukojoa, hadi pengine inapofika kwenye mifupa na kuleta maumivu ya mgongo au nyonga. Baba anayesema anakojoa vizuri anasema kweli, lakini ukweli huo haumhakikishii kwamba yuko salama. Na anayeogopa kwa kuwa anaamka usiku anaweza kuwa anaogopa bure.

Kipimo cha kuanzia ni cha damu, kiitwacho PSA, kinachopima protini inayotengenezwa na tezi hiyo. Kiwango kinachozidi nanogramu 4 kwa mililita mara nyingi humfanya daktari achunguze zaidi, ingawa maambukizi ya njia ya mkojo na kutanuka kwa kawaida kwa tezi pia hukipandisha. Mzee ashauriwe asikutane na mkewe kwa siku mbili kabla ya kutoa damu, na kwa kuwa Tanga ni mji wa baiskeli, asiendeshe baiskeli siku hizo pia. Ushauri wa kwanza kati ya hiyo miwili, wa kutokutana na mkewe, haufai kutolewa na mtoto. Umwachie daktari, au mwanamume wa rika lake.

Sasa niseme jambo ambalo kampeni nyingi haziligusi. Si kila mzee anahitaji kupimwa PSA. Miongozo ya nchi nyingi inataka mazungumzo na daktari yaanze mtu akiwa na miaka 50, na kwa wenye asili ya Afrika au ambao baba au kaka yao aliugua saratani hiyo, miaka 45. Mwaka 2018 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu kinga ya magonjwa lilipendekeza kwamba wenye miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe baada ya kuelezwa faida na madhara, na kwamba wenye miaka 70 na zaidi wasipimwe kwa utaratibu wa kawaida, kwa sababu saratani nyingi za tezi dume hukua polepole na tiba inaweza kumtesa mzee kwa ugonjwa ambao usingemdhuru maishani mwake. Babu wa miaka 82 asiye na dalili yoyote asikokotwe kwenda kutoa damu ili wajukuu waridhike. Mwenye dalili ni habari nyingine: huyo achunguzwe, awe na umri wowote.

Chagua msemaji, mahali na majira

Mtoto wa mwisho, hata akiwa muuguzi, mara nyingi si msemaji anayefaa. Tafuta baba mdogo, mjomba, rafiki wa bao au shemeji ambaye amekwisha kupima mwenyewe, kwa kuwa mzee humsikiliza aliyepita njia hiyo. Mama naye ana nafasi yake, ila asiombwe kumsema mumewe mbele ya watoto. Jambo hili lisianzishwe kwenye hitima, harusini au mbele ya wageni, wala mwezi wa Ramadhani, ambapo wengi hawataki kutolewa damu wala kuguswa wakiwa wamefunga. Panga mwezi wa Shaabani, au Idi ikishapita.

Ukilazimika kusema wewe, omba, usiagize. "Shikamoo baba. Nina ombi langu, nalo ni la kwangu mimi. Nimekwenda kupima presha na sukari, nimeambiwa ninatakiwa kujua historia ya ukoo, na mimi siijui hali yako. Ningefurahi twende pamoja, siku utakayoichagua wewe." Maneno hayo yatumike iwapo ni kweli tu kwamba umekwenda kupima, nayo yanamwachia baba cheo chake: yeye ndiye anayemsaidia mtoto, na yeye ndiye anayeamua siku. Akikataa, usiendelee siku hiyo. Mrudie baadaye kwa njia nyingine.

Usimdanganye kamwe. Wapo wanaomwambia mzee kwamba wanakwenda kumjulia hali mgonjwa, kisha wakamkalisha kwenye foleni ya vipimo. Mzee aliyefanyiwa hivyo huinuka na kuondoka, na siku atakapoanza kutokwa na damu hatamwambia yeyote nyumbani.

Siku yenyewe

Fika mapema. Hospitali nyingi za umma zina utaratibu wa kuwahudumia wazee kwanza. Uliza dirisha lao badala ya kumwacha baba asimame. Beba kadi ya bima au kitambulisho, dawa zote anazotumia pamoja na za mitishamba, na maji ya kunywa. Ikiwa atapimwa sukari ya kabla ya kula, asile kwa saa nane zilizotangulia, na chai aliyoizoea iwe tayari kwenye chupa.

Kuhusu kipimo cha kidole, yaani daktari kuipapasa tezi dume kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, mweleze ukweli kabla hajaenda, kwa sababu mizaha ya vijiweni imekifanya kiwe kikubwa kuliko kilivyo. Daktari huvaa glavu, hupaka mafuta maalumu ya kulainisha, na mgonjwa hulala kwa ubavu huku amekunja magoti. Uchunguzi hauzidi dakika moja kwa kawaida. Hauleti maumivu makali wala haugusi nguvu za kiume. Si lazima kila mtu afanyiwe. Wengi huanza na damu peke yake. Baba ana haki ya kuomba daktari mwanamume, kuomba mlango ufungwe, na kukataa. Wewe mtoto subiri nje mpaka akuite, na ukiingia usijibu maswali kwa niaba yake.

Majibu yakitoka

Majibu apewe yeye. Namna ya daktari kumwita mtoto pembeni na kumwacha mzee kwenye benchi, hata ikifanywa kwa huruma, humthibitishia kwamba hospitali ni mahali pa kufichwa mambo. Ikiwa PSA iko juu, kwa kawaida kipimo hurudiwa, na ikibidi huchukuliwa vipande vidogo vya nyama ya tezi kwa sindano. Wengi huhofia kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa. Mhakikishie kwamba kipimo hicho hufanywa ili kujua aina ya ugonjwa, na kwamba madhara ya kuangaliwa ni damu kidogo au maambukizi, ambayo daktari humkinga nayo kwa dawa. Kutoka Tanga mgonjwa anaweza kupewa rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC mjini Moshi, au Dar es Salaam katika Hospitali ya Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road, hivyo kaeni mapema mpange nani atasafiri naye na atafikia kwa nani.

Akiuliza kama tiba itamwondolea uanaume, asidanganywe: kipimo hakiondoi, lakini upasuaji, mionzi na dawa za kushusha homoni vinaweza kupunguza uwezo huo, na kwa baadhi ya wagonjwa wenye saratani isiyo kali daktari hushauri kufuatilia tu kwa vipimo vya mara kwa mara. Haya ayajue kabla ya kukubali tiba, akiwa na mkewe ikiwa anataka.

Majibu yakiwa mazuri, yaandikeni. Andika tarehe, presha, sukari na kiwango cha PSA kwenye daftari moja linalokaa nyumbani mahali mama anapopajua, kwa sababu mwakani daktari atataka kulinganisha namba mpya na ya zamani, na kupanda kwa namba hiyo humweleza mengi kuliko namba moja peke yake.