Wagonjwa Wanane, Muuguzi Mmoja: Namna ya Kuamua Nani Aanze

Nimeandika mwongozo huu baada ya kufanya zamu tatu na muuguzi mgeni, hodari wa kazi za mikono, ambaye kila asubuhi alianza na kitanda cha kwanza na kumalizia cha mwisho, kana kwamba maradhi hufuata namba za vitanda.

Hatua ya 1: Pokea zamu kwa penseli. Karatasi moja iliyokunjwa, mstari mmoja kwa kila mgonjwa, na uandike kilichobadilika tu, kwa kuwa mengine yamo kwenye faili. Simu siishauri, haina maana mikono ikiwa ndani ya glavu.

Hatua ya 2: Wapitie wote kabla ya kumhudumia yeyote. Tazama kama anamaliza sentensi bila kukata pumzi, kama mkono wake ni wa baridi, na mfuko wa mkojo una kiasi gani. Ukimkuta anayepumua kwa shida au anayetokwa na damu, acha mzunguko na uite msaada ukiwa naye.

Hatua ya 3: Hesabu pumzi mwenyewe. Hapa ndipo nilipopoteza saa tatu. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo siku iliyotangulia alikuwa kimya, amegeukia ukutani, shinikizo la damu 116/74, nami nikamwacha nikamhudumie jirani yake aliyelalamika kwa sauti kuhusu bandeji iliyolegea. Fomu ilionyesha pumzi 18 kwa dakika, kisha 18, kisha 18 tena. Mapigo ya moyo yalikuwa yamepanda kutoka 84 hadi 98, halafu 112, lakini kwa kuwa hakuna namba iliyotisha peke yake, sikuzisoma kwa mfululizo. Nilipomhesabu hatimaye, pumzi zilikuwa 28. Alikuwa akivuja damu ndani, akarudishwa chumba cha upasuaji, na kwa bahati akapona. Mwili unaopoteza damu hubana mishipa na kuharakisha moyo, hivyo shinikizo huweza kubaki zuri kwa muda, na linaposhuka akiba huwa imekaribia kwisha.

Shika kifundo cha mkono kana kwamba unapima mapigo, kwa sababu anayejua kuwa pumzi zake zinahesabiwa huzibadilisha bila kukusudia. Hesabu sekunde 60 kamili, kwa saa yenye mshale wa sekunde. Ukihesabu 15 na kuzidisha mara nne, kosa la pumzi moja huwa kosa la pumzi nne. Kwa mtu mzima aliyetulia, 12 hadi 20 ni kawaida. Katika NEWS2, mfumo wa alama za kutambua mapema mgonjwa anayezidiwa (alama zikiwa nyingi, hatari ni kubwa), uliotolewa na Royal College of Physicians ya Uingereza mwaka 2017, pumzi 21 hadi 24 hupewa alama 2, na 25 au zaidi alama 3. Mfumo huo hautumiki kwa walio chini ya miaka 16 wala kwa wajawazito.

Kuna mitego. Anayetumia beta bloka, dawa za kupunguza kasi ya moyo, huenda mapigo yake yasipande; morfini hupunguza pumzi; mzee mwenye maambukizi makali huenda asipate homa, ila akachanganyikiwa ghafla; na vidole vya baridi au rangi ya kucha huweza kukidanganya kipima oksijeni. Hata kikionyesha 97%, usitulie mbele ya pumzi 28, hasa akiwa tayari anapewa oksijeni.

Hatua ya 4: Panga. Njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, kisha fahamu. Sukari iliyo chini ya 4 mmol/L kwa anayetumia insulini haisubiri, wala dozi ya kwanza ya antibiotiki kwa anayeshukiwa kuwa na sepsisi yenye mshtuko (maambukizi yanayoharibu viungo na kuangusha shinikizo la damu); dozi hiyo hutakiwa ndani ya saa moja. Bandeji na kuogesha vinaweza kusubiri, au umwachie mwenzako.

Hatua ya 5: Mwite daktari kwa namba. “Hali yake si nzuri” hukaribisha jibu la “endelea kumwangalia”. Sema: “Ni siku ya kwanza baada ya upasuaji wa tumbo, pumzi zimefika 28, mapigo yamepanda kutoka 84 hadi 112, mkojo ni mililita 40 kwa saa tatu. Nahofia anavuja damu ndani. Naomba uje sasa.” Andika saa uliyopiga simu.

Hatua ya 6: Rudi. Baada ya dakika 15 hesabu tena, hata kama daktari amesema yuko njiani.