Somo: lifti ya maji kwenye mchezo wa Minecraft, kutoka chini hadi ghorofani

Lifti hii inaendeshwa na mapovu yanayotoka kwenye mchanga wa roho. Sharti lake ni moja: kila bloku ya maji ndani ya shimo iwe maji chanzo, yaani maji kamili yaliyotulia kama yale unayoyamwaga kwa ndoo. Yakiwa yanatiririka, hata kwa bloku moja tu, mapovu yanaishia hapo. Lifti nyingi zinazogoma zinagomea hapo, kwa hiyo hatua ya 4 usiiharakishe.

Vifaa vya kimo cha bloku 20:
- bloku 79 za ukuta (kioo ni bora, kwa sababu utaona mapovu yalipokatika)
- vibao 2 vya kuandikia
- ndoo 1 ya maji
- kelpi 20, yaani mwani ule mrefu
- mchanga wa roho 1, ule wa kahawia wenye nyuso, unaopatikana Nether, ule ulimwengu wa moto ndani ya mchezo
- udongo 1 wa kawaida

Kelpi utaikata baharini bila kifaa chochote. Acha shina la chini, litaota tena. Kwenye bahari ya joto yenye matumbawe usihangaike, haimo.

1. Weka udongo usawa wa ardhi. Hapo ndipo sakafu ya shimo. Zungushia kuta pande nne, nafasi ya ndani iwe 1 kwa 1. Pembe hazihitajiki.

2. Upande mmoja acha mlango wa bloku 2 kwenda juu. Kibao cha kwanza kisimamishe chini, ndani ya uwazi wa mlango. Cha pili kinahitaji pa kushikilia, kwa hiyo weka bloku moja kwenye pembe ya mlango ukitundike hapo. Wewe utapita kwenye vibao, maji hayapiti.

3. Panda juu, mwaga ndoo kwenye bloku ya 20. Maji ya juu kabisa yawe usawa wa bloku za sakafu ya ghorofa. Yakiwa chini zaidi, utaruka na kurudi shimoni.

4. Ingia kwa mlango wa chini, panda kelpi juu ya udongo, kisha nyingine juu yake, ukiogelea hadi juu. Kila kelpi inageuza maji ya bloku yake kuwa chanzo. Pumzi ni sekunde 15. Ikipungua, chomoza juu au rudi mlangoni.

5. Vunja udongo wa chini. Kelpi zote zinang'oka, maji yanabaki. Weka mchanga wa roho pale ulipokuwa udongo. Mapovu yataanza mara moja.

Kushuka? Wengi wanajenga shimo la pili lenye bloku ya magma, inayovuta kwenda chini. Mimi naona ni kazi bure. Shimo tupu lenye maji chini linashusha haraka zaidi na huumii. Ukiitaka magma hata hivyo, chutama ukifika, la sivyo inakuunguza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, napanda hadi katikati kisha nakwama. Shida nini?
Jibu: Kuna bloku uliiruka kwenye kelpi. Tazama mapovu yanapoishia, mwaga ndoo ya maji hapo hapo. Huna haja ya kubomoa.

Swali: Nimefuata yote lakini hakuna povu hata moja.
Jibu: Hakikisha si udongo wa roho. Vyote viwili vinatoka bonde moja kule Nether na rangi zinakaribiana, ila udongo hautoi mapovu. Kama ni mchanga kweli, angalia toleo: mapovu yalikuja na 1.13 mwaka 2018. Seva ya zamani kuliko hapo haina.

Swali: Maji yanamwagika mlangoni na vibao vipo, kaka.
Jibu: Ulibofya kibao ukiwa na ndoo, maji yameingia ndani ya kibao chenyewe. Yachote kwa ndoo tupu. Usipopenda vibao, geti la uzio nalo linazuia maji hata likiwa wazi.

Swali: Mbona kelpi inakataa kupandwa juu ya magma?
Jibu: Ndivyo ilivyo. Ndiyo maana tunaanza na udongo, magma au mchanga unaingia mwisho.

Swali: Naishi mbali na bahari, bila kelpi haiwezekani?
Jibu: Inawezekana, dada, ila jiandae kuchota. Chimba kisima cha 2 kwa 2, mwaga ndoo mbili kwenye pembe zinazotazamana, hakikauki. Halafu jaza shimo bloku moja moja, zote 20.

Swali: Nether je?
Jibu: Hapana. Ukimwaga ndoo kule maji yanakuwa mvuke papo hapo. Tumia ngazi.