Ukiambiwa "hela ya muhuri" ofisi ya mtaa, fanya hivi

Wana Kigoma wenzangu, hili jambo linaniuma. Unaenda kugongewa muhuri fomu ya NIDA au barua ya utambulisho, unaambiwa "tuachie buku mbili ya wino", na kwa vile ni buku mbili tu unatoa unaondoka. Mi nimetoa sana. Mpaka siku moja huku Ujiji nilimkuta bibi kwenye benchi, kitenge kimelowa mvua, kafika kabla yangu, nikatoa hela nikagongewa nikaondoka, narudi saa nane kufuata mwavuli niliousahau bado yupo palepale. Buku mbili yangu ndo ilimrudisha nyuma yule bibi.

Sasa ukiombwa, uliza kwa upole, "shikamoo mwenyekiti, hii ina risiti?" halafu nyamaza, usipandishe sauti. Ikiwa ada halali utapewa risiti au kontrol namba, lipa bila kinyongo. Kama haina sema "basi ntasubiri", ukae. Nimeshafanya hivyo mara tatu, mbili waligonga bila neno, ya tatu nikaambiwa nirudi kesho na nikarudi kweli. Ukikwama kabisa nenda kwa mtendaji wa kata, au piga 113 TAKUKURU, ni bure, ila uwe umeandika tarehe, saa, kiasi na maneno yenyewe uliyoambiwa.

Kuna wanaosema mbona hata mgebuka, samaki wetu wa ziwani, tunapelekeana, ni utu tu. Kweli, kwetu mtu haendewi mikono mitupu, lakini angalia umeupeleka lini. Mwenyekiti kafiwa, peleka hata kumi. Ila ukiupeleka asubuhi ya siku anayosuluhisha mgogoro wako wa kiwanja, hata kama hajaomba umeshamfunga mdomo, na jirani yako asiye na samaki ameshaona. Ndo ile ile ya takrima, mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura, 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vile vifungu maana vilimbagua mgombea asiye na hela.

Na ukifika ofisini ukakuta mzee yuko kwenye benchi, muulize kafika saa ngapi, halafu mwambie mtendaji kwa sauti watu wote wasikie, "aanze huyu."